Mwalimu Prudencia na Jumamosi Zake za Buzuruga, 1971–2024

Dada yetu Prudencia alizaliwa Kamachumu, wilayani Muleba, tarehe 14 Machi 1971, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mutayoba, mkulima wa kahawa na migomba. Mimi Deodatus, ninayewasomea wasifu huu, ndiye mdogo wake anayemfuata. Nilibebwa mgongoni kwake, na leo nimebeba jeneza lake. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kamachumu, akamaliza mwaka 1985, kisha sekondari hadi kidato cha sita mwaka 1992. Mwaka 1993 alijiunga na chuo kikuu Dar es Salaam, na huko alianguka vibaya. Alikuwa amezoea mwalimu anayetoa notisi na mwanafunzi anayeandika kila neno. Mhadhiri mmoja alitania darasani kwamba aliyechora mipaka ya Afrika alikuwa amelewa, ndiyo maana imepinda. Prudencia aliandika, akakariri, akajibia mtihani. Alirudishwa nyumbani. Baba hakumsema, lakini mwaka ule mzima Prudencia alikuwa akila jikoni peke yake. Aliomba upya, akapokelewa mwaka 1995, akahitimu mwaka 1998. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe kwa wanafunzi wake, akicheka, ingawa sisi tuliomjua tuliona kuwa hakikuwahi kumtoka moyoni.

Alianza kazi Sengerema, akifundisha jiografia, na kila mwisho wa juma alivuka kwa kivuko cha Kamanga kuja Mwanza. Hapo ndipo alipofahamiana na Alexander Ndalahwa, fundi wa mitambo, mwana wa Kisesa. Walifunga ndoa tarehe 20 Novemba 2004, wakajenga Buzuruga, na Mungu akawapa mtoto mmoja, Bernadetta. Shemeji yetu Alexander alitutoka mwaka 2016, na leo tunamlaza dada kando yake.

Wengi mliofika hapa mlimfahamu kwa Jumamosi zake. Kila mwaka, kidato cha sita walipomaliza mitihani, aliwakaribisha sebuleni kwake wale waliotaka kujua kama wako tayari kwa chuo. Aliwapa chai na maandazi, kisha akaanza kuwatolea notisi kama kawaida. Katikati aliingiza uongo, uso umetulia. Mwaka mmoja aliwaandikisha kwamba maji ya Ziwa Victoria ni ya chumvi, ndiyo maana samaki wake, sato, hahitaji kutiwa chumvi. Watoto waliokunywa maji ya ziwa tangu kuzaliwa waliandika, na mmoja akapigia mstari. Yeye alikuwa akimsubiri atakayeweka kalamu chini na kusema, "Samahani mwalimu, hapo sikubaliani." Huyo alimwambia, "Nenda." Wengine aliwaambia, "Bado. Njoo Jumamosi." Wengi walirudi mara kadhaa, naye hakumwita yeyote mjinga.

Neno hilo la "bado" lilimletea maneno. Mzazi mmoja alimfuata hadi mlangoni akiwa amefura. "Mwalimu, mwanangu ana divisheni wani. Wewe ni nani wa kumwambia bado?"

"Karibu ndani, baba," alimjibu. "Mtihani amefaulu, hongera sana. Mimi naangalia ataishi vipi na mwalimu asiyemjua hata jina."

Juni mwaka huu ilikuwa zamu ya Bernadetta. Binti aliijua mitego yote ya mama yake, kwa hiyo mama alitega mpya. Aliwaandikisha kwamba kahawa ya kwanza Kagera ilipandwa na babu wa Bernadetta, Mzee Mutayoba. Bernadetta alijua si kweli, akaandika. Wenzake walipoondoka, mama alimuuliza kwa nini.

"Mama, ningekukatalia vipi mbele ya watu?"

"Bado," mama akasema.

Binti aliumia sana. Alitegemea Jumamosi nyingine, na mama yake pia aliitegemea. Haikupatikana. Agosti 9, baada ya maumivu ya tumbo ya muda mrefu, vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Bernadetta alimuuguza yeye mwenyewe: alimwogesha, alimnywesha uji, alimsomea sala. Barua ya chuo ikaja, akapata nafasi Dar es Salaam. Alitaka neno moja tu kabla ya kuondoka, na sisi wote tulijua ni lipi. Mwishoni mwa Septemba dada alipoteza kauli. Alifariki Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe.

Jana jioni familia ilikaa kuupitia wasifu huu. Tulikuwa tumekubaliana kuandika kwamba marehemu, kabla ya kauli kukatika, alimwita Bernadetta akamwambia, "Nenda." Tuliona itamfariji mtoto. Nikaisoma sentensi hiyo mbele ya ukoo mzima.

Bernadetta akasimama. "Mjomba, samahani. Mama hakusema hivyo. Naomba uifute sentensi hiyo."

Dada wa marehemu Alexander, Ng'washi, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, ni faraja tu. Wakubwa wako wamekaa, wamekubaliana."

"Ninawaheshimu, shangazi. Lakini siyo kweli."

Sentensi hiyo nimeifuta. Mtu pekee mwenye haki ya kumjibu mtoto huyu alikuwa amelala chumba cha pili, ndani ya sanduku. Neno alilolingoja, Bernadetta hakulisikia. Hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe, na sitalipamba.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Bernadetta. Mdogo mmoja, Deodatus. Wifi yake, Ng'washi. Na wanafunzi walioko vyuoni na makazini ambao hatuwezi kuwataja wote. Familia inawajulisha pia kwamba Bernadetta hatasubiri arobaini. Chuo kinafungua mwezi huu, naye ataondoka Jumatatu kwa basi la asubuhi. Mwenye neno juu ya hilo aje kwangu, asiende kwake.

Lala, dada. Mungu akupokee na kukupumzisha.