Mmoja kwa Mmoja: Bibi Deki Anaweka Dekio Chini

Miaka thelathini na minne, na tarehe 30 Juni ndiyo ya mwisho. Msimamizi wa usafi wa hospitali hii, ambaye kuanzia mochwari hadi ofisi ya utawala tunamwita Bibi Deki, anastaafu. Ofisi ya takwimu imempigia hesabu: korido kuu ina mita 88, ameideki mara mbili kwa siku, siku 290 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 1,735, ngazi hazimo. Wapo madaktari bingwa hapa ambao hawajafika hata mwisho wake.

Alianza na ndoo iliyotoboka. Anayeandika haya, sasa wa ofisi ya takwimu, naye alianzia chini yake, kwa ndoo hiyohiyo, kwa hiyo anajua anachosema.

Kubwa kuliko yote ni mwaka wa janga la mafua. Chanjo ilipofika, walioitwa kwanza ni madaktari na wauguzi, jumla 118. Wiki nzima walikuja 11. Daktari mmoja alisema ana kinga ya kuzaliwa. Mwingine alisema yuko likizo, akiwa kantini, sahani mkononi. Muuguzi mkuu aligundua kuwa ana aleji. Ya nini, hakukumbuka. Na haohao ndio waliokuwa wakiwahimiza wagonjwa wachanjwe bila woga.

Chupa zikabaki, tarehe ya mwisho wa matumizi ikakaribia, ndipo utawala ukakumbuka kwamba wasafi nao ni binadamu. Tangazo likabandikwa: wasafi 46 wamepewa kipaumbele. Glavu tulipata wa mwisho, mabuti wa mwisho, leo sindano tuwe wa mbele? Bibi Deki alilisoma mara mbili, akasema, "Tangu lini, wanangu?"

Hakuikataa chanjo. Alikataa kufanywa mwonjaji wa wakubwa. Akaweka sharti: mmoja kwa mmoja. Daktari au muuguzi akae, achomwe, kisha msafi akalie kiti hichohicho, achomwe kutoka boksi hilohilo. Utawala uliliita utovu wa nidhamu. Yeye aliliita foleni.

Na hakuwa akicheza na ngozi za wengine tu. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa msafi wa wodi ya mafua, mimba ya miezi mitano. Kura ya kupanga foleni ya wasafi ilimpa namba 39. Kwa siku tatu zikachomwa jozi 38, halafu wakubwa wakakauka. Wasafi wenyewe walimsihi ampitishe binti, hakuna atakayenuna. Alijibu kwamba akimpitisha wa nyumbani kwake, wale saba walio nyuma yake hawatamwamini tena. Mkwe naye akasema, "Nasubiri, Mama, ila fanya haraka, huyu wa ndani ana mateke."

Akafanya haraka. Mganga mkuu alikuwa amejifungia ofisini. Bibi Deki alideki korido upande wa kulia wa mlango wake, kisha wa kushoto, akasimamisha vibao vya utelezi. Hapa hakuna anayekanyaga sakafu yake mbichi. Bingwa wa mifupa alijaribu siku moja, akaelezwa mbele ya wagonjwa. Ilibaki njia moja tu kavu, ya kuvukia kuingia chumba cha chanjo, mlango ukitazamana na mlango. Mganga mkuu akatoka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akacheka, akakunja mkono wa shati. Alifumba macho sindano ikiwa bado kwenye karatasi yake. Mkwe akakalia kiti kingali na joto.

Baada ya hapo aibu ilimaliza kazi. Ijumaa tulikuwa na wataalamu 109 kati ya 118, na wasafi 46 kati ya 46. Ripoti ya mwaka ilisema mafanikio hayo yameletwa na Kamati ya Uhamasishaji, iliyokaa vikao sita. Ofisi ya takwimu ilikuwa imepeleka jedwali likiwa na jina la Bibi Deki. Lilirudi bila jina. Leo tunalirudisha jina hilo, kwa wino.

Mafua yalipopita tulihesabu wasafi. Wote 46 walikuwepo, na nje ya orodha alikuwepo mmoja zaidi, wa kike, kilo 3.4, akipiga kelele.

Asante, Bibi Deki. Uishi vizuri, uishi sana, na huyo mjukuu akuzeeshe taratibu.