Micah Kimaiyo na Majani Yaliyokataa Kuoza

Ndugu waombolezaji, marehemu aliagiza wasifu wake usomwe nami, Dalmas, kaka wa mkewe. Alisema, "Dalmas hajawahi kunisifu bure." Mpaka sasa sijui alikuwa na nia gani.

Marehemu Micah Kimaiyo arap Kosgei alizaliwa tarehe 12 Machi 1916 hapa Ravine, mtoto wa tatu wa Mzee Kosgei. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1927 hadi darasa la nne, 1931. Mwalimu wake alisema hesabu anazijua, ila anauliza maswali mengi mno.

Tarehe 6 Desemba 1941 alifunga ndoa kanisani na dada yangu Chepkurui. Siku aliyokuja kuposa, njia ilikuwa matope matupu, lakini viatu vyake viling'aa. Nilimhoji karibu saa nzima. Kumbe alivibeba mkononi, akavivaa mlangoni.

Mwaka 1949 aliajiriwa na mtafiti wa udongo katika shamba la mzungu karibu na Ziwa Elmenteita, ambako sote tuliishi katika kambi ya wafanyakazi. Alikausha majani ya mgunga, akayapima, akayashonea ndani ya vifuko vya chandarua na kuyazika kwenye udongo wa magadi. Baada ya miezi aliyafukua, akayapima tena ijulikane yameoza kiasi gani. Mtu mzima kuzika majani! Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, askari walipasua vifuko arobaini wakitafuta mambo ya viapo. Waliona majani, wakamwachia. Sisi hatukumwachia.

Mapema mwaka 1955 surua iliua watoto watatu kambini. Nilikwenda kwa siri nikafukua kifuko kimoja. Kilikuwa kimezikwa mwaka mzima, na majani yalikuwa mazima. Nikawaambia majirani kwamba kitu kinachozikwa kisioze, kuna mtu kimezikiwa. Wakasema lisemwalo lipo.

Marehemu alisikia, na hakugombana. Alinipa vifuko viwili. "Shemeji, usiniamini. Zika mwenyewe, ufukue mwenyewe."

Mwezi Machi nilizika kimoja kwenye bustani yangu ya mboga, kingine kwenye magadi makavu kando ya ziwa, na sikumwonyesha mahali. Mwaka uliofuata, Machi, nikavifukua. Cha bustani kilikuwa chandarua na udongo mweusi tu. Cha ziwani kilikuwa na majani yake yote, makavu, ungeweza kuyahesabu. Alinieleza kwamba wadudu na ukungu wanaokula majani hawafanyi kazi bila maji, na chumvi huwamaliza. Nilimjibu, "Tutaona."

Mei 1956 wazee walikaa kuamua kama yeye ni mchawi. Waliniuliza mbele yake kama nimepata jibu. Kusema ndiyo kungekuwa kukiri kwamba niliwadanganya wazazi waliofiwa. Nilinyamaza. Marehemu alinitazama, akangoja, kisha akainuka akachukua kofia yake. Walimfukuza kambini siku ya tatu, yeye na mkewe na watoto.

Alipanga chumba Nakuru, akawa anabeba magunia sokoni mpaka kifua kikamshinda. Alilazwa Februari mwaka huu, 1959. Nilikwenda kumwona mara moja, tukazungumza habari za mvua. Alifariki Jumanne tarehe 14 Aprili, saa nne asubuhi, Chepkurui akiwa amemshika mkono.

Nyinyi mliotoka kambini, nawaona mmesimama mbali na kaburi, watoto mmewaficha nyuma yenu. Wasogezeni. Kimaiyo hakuwa mchawi. Nilijua tangu Machi 1956, nikaficha, na aibu hiyo ni yangu.

Ameacha mjane, Chepkurui, na binti zake Zeddy na Jepkorir. Jina langu, shemeji yake, nimeliandika hapa kwa penseli. Chepkurui ndiye atakayeamua kama libaki.

Micah apewe kaburini amani ambayo kwetu hakuipata.