Kulanti ya Ndwiga Ilienda Wapi

Benchi yetu hapa Kiganjo ni ubao mmoja mrefu juu ya tairi mbili za trekta, mbele ya duka la mbolea, na kazi ya benchi hii ni kujua kila kitu. Sadiyo analeta kahawa ya tangawizi, sisi tunaleta maarifa. Asubuhi hiyo baridi ya mlima ilikuwa inauma masikio Ndwiga alipoegesha mbele yetu ile gari yake ya dizeli yenye nyumba nyuma: kitanda, jiko, kabati, hata pazia za maua. Aliinunua kwa sababu moja tu. Mama yake, Mbeti, aliumia nyonga na hawezi kuketi kitini hata kufika Karatina, na dada yake wa pekee ni mgonjwa kule Runyenjes, anamwita waonane. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mama alikuwa nyuma amelala chini ya blanketi mbili, na Ndwiga alishuka na uso wa mtu aliyepigwa kofi.

Ndwiga: Geji ya joto imepanda tu nikifika hapa. Nimezima injini. Hebu angalieni hiyo tanki ya kulanti.

Tukainuka sote na vikombe vyetu. Tanki yenyewe ni ya plastiki, unaona ndani bila kufungua kifuniko. Ina mstari wa juu na mstari wa chini, na yale maji ya kijani ya kupoza injini yalikuwa chini ya ule wa chini kabisa.

Wa kwanza kusema alikuwa Mutahi. Tunamwita Gasketi, kwa sababu aliwahi kufanya kazi gereji na ugonjwa wa gari anaoujua ni mmoja.

Gasketi: Buda, hiyo ni hed gasketi. Imeenda.

Ndwiga: Lakini jana nimejaza injini ikiwa baridi! Na leo asubuhi kabla tutoke nikacheki tena. Ilikuwa kwa mstari wa juu.

Gasketi: Si ndiyo hiyo sasa. Injini inakunywa hayo maji.

Mimi: Kama inakunywa, si tungeona moshi mweupe?

Gasketi: Dalili ya mvua ni mawingu. Na leo hakuna mawingu. Kwa hivyo ni gasketi.

Tulilitafakari hilo kidogo, halafu tukamgeukia Abdimajid. Huyu ni mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Nanyuki, jina lake la benchi ni Mnada, na ndiye aliyemuuzia Ndwiga hiyo gari. Alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake kwa makini sana.

Mnada: Wallahi, mimi nilikuuzia gari nzima.

Moffat, anayeuza mayai ya kuchemsha na ambaye kwa hivyo anaitwa Mayai, akacheka.

Mayai: Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hii, bana, imejitembeza kutoka Nanyuki.

Ndwiga hakucheka. Alilala chali kwenye vumbi, akaingia chini ya gari, akapapasa kila mahali, akatoka na mikono mikavu.

Ndwiga: Hakuna hata tone.

Mayai: Basi inavuja na njia ya siri. Weka yai mbichi. Yai ikifika kwa shimo inaiva, inaziba. Baba yangu alifika Meru na mayai tatu.

Gasketi: Yai ni ya kitambo. Siku hizi watu wanaweka binzari.

Mimi: Mkiweka zote mbili, hiyo si dawa. Hiyo ni mboga.

Mnada: Toeni thamostati mtupe. Na baridi ya huku, inafanya kazi gani? Mlima yenyewe ni thamostati.

Mayai: Ama ni mbwa. Kulanti ni tamu, na mbwa wa Kiganjo wamesoma. Anakuja usiku, anafungua...

Ndwiga: Moffat! Nimesema asubuhi ilikuwa imejaa!

Mayai: Ati asubuhi? Basi ni mbwa wa mchana.

Gasketi alikuwa ameshachukua kitambaa na kunyoosha mkono afungue kifuniko. Sadiyo akampiga vidole na kijiko.

Sadiyo: Wewe! Hiyo mvuke itakutoa uso. Hata birika yangu siwezi fungua hivyo ikichemka.

Ndwiga akaketi mwisho wa benchi, karibu nami.

Ndwiga: Kama ni gasketi, safari imekwisha. Tata, huyo dada ya mama, amenipigia jana, sauti iko chini kabisa. Nikamwambia kesho tuko hapo. Sasa mama nitamwambia nini?

Sadiyo akamwekea kikombe cha kahawa mkononi.

Ndipo dirisha la nyuma likafunguka, na pazia la maua likasogezwa.

Mbeti: Ndwiga! Ni nani amewasha moto huku ndani? Nataka nimshukuru. Miguu yangu imepata joto, hata blanketi nimetoa.

Tukaangaliana. Hakuna aliyewasha kitu.

Ndwiga: Mama, hiyo hita ya nyuma haijawahi kufanya kazi tangu ninunue hii gari.

Mnada alikuna ndevu.

Mnada: Fundi aliifunga. Alimwaga maji yote ya mapaipu ya nyuma, akafunga. Nilisahau kukwambia, ndugu yangu.

Ndwiga: Mama, umeshika nini?

Mbeti: Si hako kamfereji kekundu chini ya kitanda. Nilikuwa nataka maji ya kunawa uso kabla tutoke. Nikazungusha mpaka mwisho, na hakuna kitu imetoka.

Ndwiga alisimama polepole.

Ndwiga: Mama, umefungua hita! Kulanti imeenda nyuma. Mapaipu zilikuwa tupu, zimejaa. Haijapotea! Iko hapo chini ya mama!

Gasketi: Kwa hivyo si gasketi?

Alisema kwa huzuni, maskini. Ndwiga yeye alichuchumaa, akafunika uso na mikono, akacheka mpaka mabega yakatetemeka. Nami, sitaki kudanganya, nilisikia mzigo umenitoka kifuani kana kwamba mama ni wangu.

Tulingoja mpaka injini ikapoa kabisa. Ndwiga akafungua kifuniko taratibu, akamimina kulanti aliyokuwa amebeba ya akiba, akawasha injini na kale kamfereji kakiwa wazi. Mapovu yakapanda, maji yakashuka, akaongeza, hivyo hivyo mpaka yakatulia katikati ya mistari miwili. Geji ikakaa mahali pake. Akasema atasimama Karatina, aiache ipoe, aangalie tena. Gasketi akauliza kama ni vizuri kufunga ile hita ya nyuma.

Mbeti: Asiguse mtu! Na nyinyi wanaume, huo wakati wote mlikuwa mnafanya nini hapo nje?

Gasketi alimwangalia Mayai. Mayai aliangalia yai. Sadiyo akainamisha birika, halikutoa hata tone.

Jioni Ndwiga alipiga simu, tukaisikiliza sote. Wamefika. Tata amesaidiwa kupanda ndani ya gari, amelala kando ya dada yake, wanaongea tangu saa nane na wamekataa kuingia nyumbani. Wanataka awawashie injini tena kidogo, wapate joto.

Ndwiga: Na mama anauliza kama mmepata jibu la lile swali lake la asubuhi.

Sadiyo akaanza kuosha vikombe.