Karai la Nkwabi na Somo la Jumatatu

Kijiwe chetu kiko Nyahanga, mbele ya mashine ya kukoboa mpunga: ubao mmoja juu ya mapipa mawili, na mwenye birika ni mimi. Kahawa yangu ni chungu, anayetaka utamu ale kashata. Wateja wa kudumu ni watatu na wote wanajua kila kitu. Benjamini, fundi simu, tunamwita Bando. Cornel aliwahi kuwa karani wa halmashauri kwa miezi minne, basi ndiye Wizara. Nkwabi amechimba dhahabu tangu meno yake yote yakiwepo, tunamwita Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Jumamosi ile asubuhi akaja Mwalimu Euphrasia, anayejitolea shule ya msingi ya hapo nyuma, akawaamkia wazee, akakaa bila kuagiza.

Jumatatu mwalimu mkuu angekaa nyuma ya darasa kumtazama akifundisha sayansi kwa mtaala mpya. Somo likienda vizuri, anabaki. Likiharibika, anarudi Ushetu kwenye tumbaku ya baba yake.

— Somo lenyewe nini? nikamuuliza.

— Kutenganisha mchanganyiko. Mtaala unataka mtoto ashike, aone, aulize. Nina watoto tisini na wawili, kitabu kimoja na chaki.

— Vitu vya bure vimejaa mtandaoni, mwalimu, akasema Bando. Nyie hamtafuti tu.

Akatafuta yeye. Kahawa ilizunguka mara mbili akiwa anatafuta. Ukurasa wa kwanza ulimtaka ajisajili. Wa pili ukataka kujua anafundisha jimbo gani la Marekani. Wa tatu ukafunguka, una picha nzuri sana: watoto wanajaza theluji kwenye ndoo. Mwalimu akauliza theluji hapa Kahama inauzwa duka gani. Bando akamwambia asiwe na haraka, picha ya pili bado inashuka.

Wizara alikuwa anasubiri zamu yake. Alisema vifaa vya bure vilishaletwa zamani, kontena zima, limefungwa kufuli mahali fulani, na ufunguo anao mtu aliyestaafu. Tulipomuuliza mahali gani, akasema hawezi kutaja mbele ya watu. Halafu akatufafanulia mtaala mpya: watoto wanafundishana wenyewe, mwalimu anakaa kivulini anakula karanga.

— Ukiambiwa umahiri, maana yake hiyo, akamaliza.

Mwalimu alimtazama kwa huruma, akamgeukia Duara. Hapo alikosea, maana mzee alikuwa na mpango tayari. Watoto wote washushwe shimoni.

— Tisini na wawili, mzee? Kwa kamba moja?

— Kwa zamu, mayu, mama yangu. Na kama shimoni hutaki, nina zebaki kidogo nyumbani, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Waikande na mchanga kwa mikono, dhahabu inajikusanya yenyewe. Wataipenda kweli, gete.

— Mzee Nkwabi, hiyo ni sumu. Haiingii darasani kwangu. Na wewe iache, nakuomba.

Hakupandisha sauti. Wote tunaijua mikono ya Nkwabi. Kikombe chake hulia kwenye kisahani kabla hajakinyanyua, na kwa miaka yote hiyo sisi tumefanya ni utani. Niliona aibu, nasema ukweli.

Mzee akainuka, tukadhani amenuna. Kumbe anaifuata baiskeli yake. Akarudi na karai, kimfuko cha mchanga wa mwaloni, mahali anakooshea dhahabu, na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Kabla sijamkataza, akamimina ndoo yangu ya maji ya kahawa karaini.

Sikumgombeza, maana mikono ile iliposhika karai ilitulia. Akazungusha polepole, maji yakachukua udongo, kisha mchanga, kisha kokoto. Ukabaki mchanga mweusi. Akaukausha juu ya jiko langu, akapitisha sumaku, ule mweusi ukaruka na kung'ang'ania. Chini kabisa ikabaki punje moja, ndogo kuliko chumvi, inang'aa.

— Hilo ndilo somo, akasema mwalimu, macho yamemtoka. Bure kabisa.

Tukapiga makofi. Bando akadai hata yeye alikuwa anaelekea huko huko. Ndipo akasimama Limi, anayepita kila siku na beseni la karanga lakini hajawahi kukaa kijiweni kwetu. Akachungulia karai.

— Mimi nimeosha mchanga mwaloni miaka kumi na moja, akasema. Kila nikiuliza naambiwa dhahabu inabaki kwa kuwa ni nzito. Sasa hiyo kokoto iliyomwagwa, ukiiweka kwenye mizani inaishinda hiyo punje mara ngapi? Mbona nzito imeenda na maji, nyepesi imebaki?

Duara akasema inabaki kwa sababu ni dhahabu. Wizara akasema jibu lipo kwenye kontena. Bando akaandika swali kwenye simu, akakuta bando limekwisha. Nikashika birika ili nionekane nina kazi, nalo tupu.

Mwalimu alikuwa anaandika lile swali kwenye daftari, neno kwa neno.

— Mwalimu, wewe si unalijua jibu? nikamnong'oneza.

— Nalijua. Ila nikilisema Jumatatu, somo limekufa. Wakilitafuta watoto wenyewe, nimebaki. Akafunga daftari, akamgeukia mwenye karanga. Dada Limi, utakuja darasani na Mzee Nkwabi? Saa mbili na nusu.

— Mimi niliishia la nne, mwalimu. Nije kufanya nini?

— Kuuliza. Hivyo hivyo ulivyouliza hapa.

Limi akatua beseni chini. Akaitazama kanga yake, akatazama malapa yake, moja jekundu na moja bluu. Kisha akatugeukia sisi tunaojua kila kitu.

— Nitavaa nini?