Majibu Yaliyokosa Wenyewe

Risala ya watumishi wa Zahanati ya Kituo cha Mabasi kwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Huduma za Afya, siku ya kufungua chumba kipya cha kusubiria

Mgeni rasmi, na nyote mlioambatana naye,

Karibu sana kwetu. Umepita getini ukaona tumepaka chokaa hadi mawe ya njia ya chooni. Usitushangae, mgeni akija nasi hujikumbuka. Tunakushukuru kwa kuja kutufungulia chumba hiki chenye viti thelathini na feni mbili. Kabla yake wagonjwa wetu walisubiri chini ya ukingo wa paa, na mvua ikinyesha walijibanza ukutani. Leo wana pa kukaa, na tumefurahi kweli.

Risala hii tumeiandika watumishi kumi. Anayeisoma ni karani wa mapokezi, aliyechaguliwa kwa ajili ya sauti yake, maana mwandiko wake haumsaidii mtu.

TULIKOTOKA

Zahanati ilianza na vyumba viwili, kwa ajili ya watu wa kituo: madereva, makondakta, wapakiaji mizigo, mama wauza chakula na abiria wa njiani. Tunatibu matumbo, vidonda na homa. Tunatibu pia yale yanayosemwa kwa kunong'ona, na katika hayo kisonono ndicho kinaongoza. Mgonjwa wake tunamjua. Huanza na kikohozi, akahamia mgongoni, na akishashika kitasa cha mlango atoke ndipo anasema kilichomleta.

Utaratibu tuliopewa ni huu. Mgonjwa anachukuliwa sampuli, gari la maabara kuu linaipitia Alhamisi, majibu yanarudi baada ya siku kumi au zaidi, na sindano haitoki mpaka karatasi ifike. Sababu yake tunaielewa. Watu wametumia dawa ovyo mpaka vijidudu vimezizoea.

Mlinzi mkuu wa utaratibu huo alikuwa muuguzi wa chumba namba tatu, ambaye kituo kizima kinamwita Bi Kadi. Ukikutana naye njiani jina lako halikumbuki, lakini namba ya kadi yako anayo kichwani. Ametumikia hapa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumbembeleza akapata.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mwaka jana wewe mwenyewe ulitutunuku cheti cha zahanati isiyotoa hata dozi moja bila majibu. Tulikitundika mapokezi. Bi Kadi alikuwa akikifuta vumbi kila asubuhi kabla hajavaa koti lake jeupe.

Hapa risala nyingine ingetaja mafanikio ya pili. Yetu inabidi irudi nyuma kidogo.

Siku moja aliingia chumba namba tatu fundi cherehani wa hapo kituoni, mjamzito wa miezi minane. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amempigia simu kutoka safarini. Amekutwa na kisonono, ametibiwa huko huko, na mkewe aende akatibiwe haraka. Fundi hakuanza na kikohozi wala mgongo. Alisema moja kwa moja.

"Dada, mume wangu wameshamwambia anao. Mimi nangoja nini tena?"

"Majibu, mdogo wangu. Hapa hatutoi sindano kwa maneno ya simu."

"Na mtoto je?"

"Siku kumi si nyingi. Utaratibu ni utaratibu."

Bi Kadi alichukua sampuli, akaandika kadi kwa mwandiko wake mzuri, akaendelea na mgonjwa aliyefuata. Alirudi nyumbani roho yake imetulia, kwa sababu alikuwa amefanya kila kitu sawasawa.

Mtoto alizaliwa siku ya tisa, kwa bibi yake. Karatasi ilifika siku ya kumi na mbili, na siku hiyo hiyo fundi akaingia na kichanga begani, kope zimevimba na kugandana kwa usaha. Bi Kadi alijua kabla hajamgusa kwamba ni kisonono cha mama, kilichomwingia machoni wakati wa kuzaliwa. Alimsafisha macho, akaacha foleni ilivyo, akapanda gari pamoja nao hadi hospitali kubwa. Jicho la kushoto liliokolewa, la kulia halikuokolewa.

Fundi hakumtukana, na tunadhani angemtukana ingekuwa nafuu. Alimuuliza tu: "Dada, majibu yangu yalifika?"

CHANGAMOTO

Aliporudi, Bi Kadi alifungua droo ya majibu yasiyochukuliwa. Alikuta karatasi arobaini na moja, zote za watu waliokutwa na ugonjwa. Alipiga simu moja baada ya nyingine. Wengi namba zao hazipatikani. Wengine walipokea wakiwa wameshavuka miji mitatu, na sauti ya mke ikisikika nyuma wakasema amekosea namba. Majibu tulikuwa nayo, wenyewe hatukuwa nao. Bi Kadi alikaa na zile karatasi mapajani, akalia. Hatukuwahi kumwona akilia.

Tangu wiki ile alibadilika. Sampuli aliendelea kuichukua kwa kila mtu. Lakini mwenye dalili wazi na safari mbele yake, au ambaye mwenza wake ameshathibitika, hasa akiwa mjamzito, alimuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, kisha akampa sindano siku hiyo hiyo. Akamwagiza amlete mwenza wake, wajizuie wiki nzima, na dalili zikibaki arudi. Na katika rejista aliandika kwa kalamu nyekundu: *Ametibiwa kabla ya majibu. Nimeamua mimi.*

Msimamizi wetu alimwita pembeni.

"Kalamu nyekundu ya nini? Si ungeandika kwa bluu kama sisi wengine, nani angejua?"

"Nikiandika kwa bluu nitakuwa najificha," akajibu. "Nami sijifichi."

Kwa miezi minne aliandika mistari sitini na miwili. Majibu yaliporudi, arobaini na tisa walikuwa nao kweli. Kumi na watatu hawakuwa nao, walichomwa sindano wasiyoihitaji. Hilo hatulifichi, na yeye ndiye wa kwanza kulitaja.

Wakaguzi walipofika, rangi nyekundu yenyewe iliwaita. Bi Kadi alipewa barua ya kumwondoa chumba namba tatu na kumweka chumba cha kutunzia kadi mpaka kamati itakapoamua kama ataendelea na kazi ya uuguzi. Na sisi tuliposimamishwa mbele ya wakaguzi, sisi tuliokuwa tukimpelekea wagonjwa wale kwa mikono yetu, tulisema: "Muulizeni mwenyewe." Tunaona aibu kuisoma sentensi hii, ndiyo maana tumeiandika. Tangu aondoke, droo ile ina karatasi kumi na saba mpya.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi ruhusa ya kumchoma sindano kila anayepita. Tunaomba mwongozo unaoturuhusu kuwatibu siku hiyo hiyo walio hatarini zaidi, sampuli zao zikiendelea kwenda maabara, ili dawa ilindwe na watu walindwe pia.

Pili, tunaomba kukurudishia cheti. Tumekifunga vizuri, kioo chake hakijavunjika.

Tatu, tumeleta rejista. Chini ya kila mstari mwekundu utaona saini kumi. Tumechelewa kuziweka, lakini ni zetu. Kamati ikimwita Bi Kadi, ituite sote.

Mapazia ya chumba hiki yameshonwa na fundi yule yule. Amekaa safu ya pili na mwanawe mapajani. Tulimwomba aseme neno, akasema yeye ameshasema siku ile, na Bi Kadi alimsikia.

Bi Kadi hayupo hapa. Tulimwekea kiti akakikataa, akisema si vizuri kukaa mbele yako kabla shauri lake halijaamuliwa, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Yuko chumba cha kadi, mlango wa pili kushoto ukitoka. Huu ni mwezi wa tatu anasubiri majibu. Ukimaliza kukata utepe, tunakuomba upite umpe.

Mungu akulinde njiani, akupe afya na moyo wa kuamua, na watoto watakaozaliwa karibu na kituo hiki awape macho yote mawili.

Ni sisi, watumishi wa Zahanati ya Kituo cha Mabasi: kumi tuliosimama mbele yako, na wa kumi na moja aliye chumba cha kadi.