Mzee Tuone na Mguu Usiolalamika

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1949, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba seremala na mama mkunga. Karakana ya baba yake ilikuwa uani, na kazi yake ya kwanza utotoni ilikuwa kufungua na kufunga milango iliyokwisha kutengenezwa. Wateja walisifu, baba alitabasamu, lakini yeye aliendelea kuufungua na kuufunga mlango huku ametega sikio. Siku moja, mbele ya mteja aliyekwisha kuubeba mlango wake begani, alisema, "Baba, bawaba hii inadanganya." Mlango ukashushwa. Parafujo mbili zilikuwa hazijaingia hadi mwisho. Alikuwa na umri wa miaka minane, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa familia aliyepata raha ya kumwambia jambo likaaminiwa papo hapo.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, ambako alicheza beki wa kulia. Mwaka 1967 goti lake lilijipinda uwanjani. Mwalimu wa michezo alimwambia ni uchovu tu, alikande kwa maji ya moto. Kila alipogeuka ghafla goti lilimtoka, na hakucheza tena. Alitaka kujua ni nani aliyekuwa akisema uongo, goti au mwalimu. Ndivyo alivyojiunga na chuo cha tiba ya viungo mwaka 1971, akahitimu mwaka 1974. Huko alijifunza kwamba ziko kano zinazofunga mfupa na mfupa, na ziko zinazofunga msuli kwenye mfupa, na kwamba iliyokatika huweza kutulia kimya kuliko iliyoteguka.

Januari 1975 aliajiriwa katika hospitali ya wilaya, akapewa chumba namba nne mwisho wa ukumbi. Humo mlikuwa na kitanda, benchi, ndoo ya barafu, na ngazi ya mbao ya vidaraja vitatu aliyoitengeneza mwenyewe. Wanariadha walimwita Mzee Tuone hata kabla hajawa mzee. Ukimwambia umepona, alijibu, "Tuone." Ukimwambia unaumwa, jibu lilikuwa lile lile. Alianza na mguu mzima, aliouita mguu usiolalamika, ili mikono ijue kipimo kabla ya kugusa ule wenye kesi. Kisha alidondosha kalamu kana kwamba imemponyoka, akatazama mgonjwa anavyoinama kuiokota.

Kocha wa wilaya, aliyejulikana kama Mluzi, aligombana naye karibu kila juma.

"Mzee, huyu mchezaji yuko fiti kabisa."

"Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe."

"Basi hapo ndipo ninapoanza kuingiwa na wasiwasi."

Tarehe 12 Desemba 1978 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Walikutana chumba namba nne, bibi harusi mtarajiwa akiwa na kifundo kilichovimba. Alidai ameteleza kwenye ngazi. Marehemu hakuamini, akamhoji hadi akakiri kwamba alikuwa akishindana na wanafunzi wake kuruka kamba. Walijaliwa watoto watatu. Watoto hao wanasema kulelewa na mwalimu wa hesabu na Mzee Tuone kulikuwa sawa na kulelewa kituo cha polisi, ila chakula kilikuwa kizuri.

Kisa kinachofuata kinasomwa kama kilivyotokea, kwa ombi la mjane na la mwenyewe aliyehusika.

Tarehe 16 Mei 1986 aliletwa mkimbiaji wa mita mia nne, binti wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Cheche. Siku mbili kabla alikuwa amegombana na Mluzi na kuapa mbele ya timu nzima kwamba mbio za Jumapili hakimbii. Sasa alikuwa ameanguka mazoezini, akageuka nyuma kwa hasira na kuuliza, "Nani kanipiga teke?" Nyuma yake hapakuwa na mtu. Wenzake walicheka. Hata Marehemu alipoelezwa alitabasamu kidogo, kwa sababu ugomvi ule alikuwa ameshausikia. Alimwambia Cheche asukume unyayo chini. Unyayo ukashuka, polepole, lakini ukashuka. "Kano ni nzima," alisema. "Siku nne, kisha arudi uwanjani." Kwenye faili aliandika neno moja: Anakwepa.

Kumbe kano kubwa ya kisigino ikikatika mtu huhisi kama amepigwa teke, na misuli midogo ya vidole huweza kuushusha unyayo hata bila kano hiyo. Kipimo cha uhakika alikijua tangu chuoni: mgonjwa alale kifudifudi, miguu ining'inie, ubane shavu la mguu utazame kama unyayo unacheza. Ni kazi ya sekunde tatu. Siku hiyo alimshuku mtu, akasahau kuushuku mguu.

Cheche alirudi baada ya siku ishirini na sita, akichechemea. Marehemu alimlaza, akaanza na mguu usiolalamika, unyayo ukacheza. Akabana wa pili. Haukusogea. Alibana tena, kana kwamba mkono wake ndio uliokosea. Cheche alifanyiwa upasuaji, lakini ncha za kano zilikuwa zimeshaachana mno, na mbio zake ziliishia hapo. Marehemu alimwambia, "Imechelewa kugundulika." Hakusema imecheleweshwa na nani. Cheche akajilaumu mwenyewe. "Ningerudi mapema," alikuwa akisema, na Marehemu alimwacha aseme.

Tangu Agosti mwaka ule, kila Alhamisi alichelewa kurudi nyumbani. Mkewe aliuliza, akajibiwa "kazi". Naye mwalimu alijua kuhesabu: chumba namba nne hufungwa saa kumi, mume huingia saa kumi na mbili, shati lanuka mafuta ya kuchulia. Jirani akaongeza chumvi: "Mwenzangu, ameonekana akiingia kwa binti mmoja, nyumba ya geti la bluu. Wala hagongi."

Alhamisi ya tarehe 9 Aprili 1987 mwalimu alimfuata kwa mbali, akiwa na daftari za kusahihisha kwapani ili akikutwa awe na sababu. Alisimama nje ya dirisha lililo wazi. Akamsikia mumewe akisema kwa sauti ya chini, "Taratibu. Hapo hapo. Saba... nane..."

Aliingia bila hodi. Cheche alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mbao ya vidaraja vitatu, kisigino hewani, jasho likimtiririka. Mama yake Cheche alikuwa pembeni akichambua mboga. Mume alikuwa amepiga magoti sakafuni, rula mkononi.

"Kumbe nimeibiwa mume na kisigino?" mwalimu aliuliza.

Mama yake Cheche alicheka hadi mboga zikamwagika. "Shemeji huyu ana moyo wa dhahabu," akasema. "Miezi minane hakosi, na hata kosa si lake."

Mwalimu alimtazama mumewe, akaona ameinamisha uso. Alimjua. Aliweka daftari chini.

"Si lake?" akauliza. "Tuone."

Ndipo Marehemu alipowaeleza, akiwa bado amepiga magoti: kipimo ambacho hakukifanya, neno aliloliandika, na miezi yote aliyomwacha binti wa watu ajilaumu. Mama yake Cheche aliacha kucheka. Cheche hakushuka kwenye ngazi. Aliuliza, "Ulikuwa umefika ngapi?"

"Nane."

"Endelea."

Hakuna aliyesema neno la msamaha. Marehemu hakulidai, ila aliishi akilisubiri. Lile faili alilisahihisha kwa mkono wake na kutia sahihi. Tangu hapo kila faili jipya lilianza na swali: Nimebana? Cheche alisomea tiba ya viungo, akaajiriwa chumba hicho hicho mwaka 1992, na Marehemu alipostaafu mwaka 2009 alimkabidhi ufunguo.

Mwishoni mwa 2022 mkewe aliona soksi zimeacha mfereji miguuni mwa mumewe. "Zinabana tu," Marehemu alisema. Akajibiwa, "Tuone." Ulikuwa uvimbe wa ugonjwa wa moyo. Alilazwa mara tatu. Daktari kijana alipomwambia anaendelea vizuri, aliuliza, "Nani kasema?" Wodi nzima ikacheka.

Cheche alikuja kila asubuhi kumnyoosha miguu. Siku chache kabla ya mwisho Marehemu alimuuliza kama alipata kumsamehe.

"Mzee, nimekaa chumbani kwako miaka thelathini na miwili. Ulidhani nakupeleleza?"

"Nilishuku."

Asubuhi ya tarehe 21 Februari 2024 Cheche alishika mguu wake, na alipoona amefumba macho akamjaribu: "Nimefika ngapi?"

"Nane," Marehemu alisema. Cheche alikuwa hajaanza hata moja. Mzee alifariki saa tano baadaye, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane, dada wawili, Mluzi ambaye bado anabisha, na Cheche, ambaye familia imeomba aandikwe miongoni mwa watoto.

Apumzike kwa amani mtu ambaye hakumwamini yeyote kwa haraka, nasi tukamwamini.