Ubao Haujajaa: Maisha ya Vinko Stanisich, 1988–2019

Usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2019, ndugu na majirani walikesha mbele ya mlango wa mgodi wa Agnes, hapa mjini Dunmore Gulch, wakisubiri habari za Vinko. Mama yake alikuwa ameshika koti lake, kwa sababu kule chini ni baridi hata kiangazi, na alijua atatoka akitetemeka. Kila taa ya waokoaji ilipomulika ndani, watu wote waliinuka. Kulipokucha koti lilikuwa bado mkononi mwa mama.

Vinko alizaliwa tarehe 3 Machi 1988, Mtaa wa Granite, mtoto wa kwanza wa Frane na Zorka Stanisich. Theluji ilikuwa imefunga barabara ya hospitali, kwa hiyo bibi yake ndiye aliyempokea. Baba yake alikuwa katika kundi la mwisho la wachimbaji kabla madini ya fedha hayajaisha na mgodi kufungwa mwaka 1990. Tangu mdogo, Vinko hakula mpaka wote wawe wameketi mezani.

"Baba yuko wapi?"

"Chooni. Kula, supu inapoa."

"Namsubiri."

Supu ilipoa mara nyingi nyumbani kwetu.

Alisoma shule ya msingi ya hapa mjini, akamaliza sekondari mwaka 2006. Hesabu zilimshinda, lakini walimu walisema darasa halilali Vinko akisimama kuzungumza. Alifanya kazi katika karakana ya matrekta hadi mwaka 2009, alipoajiriwa kuwatembeza wageni wanaokuja kuona mji wetu wa zamani na mgodi wenyewe. Aliwaonyesha gereza la mawe, jumba la michezo ya kuigiza, na ile baa yenye matundu ya risasi ukutani. Hakupenda kudanganya. "Haya matatu ni ya kweli," aliwaambia. "Yale mengine mwenye baa aliyatoboa mwenyewe majira ya kuchipua." Mwenye baa alimnunia mwezi mzima. Mzee mmoja alipomuuliza kama kuna fedha iliyobaki mgodini, alijibu, "Ingebaki, mzee wangu, ungenikuta hapa nakuvalisha kofia ya mgodini?"

Mgodini hakuwa na mzaha. Babu yake na baba yake walikuwa na desturi yao: kila anayeingia huchukua kibati chake cha shaba chenye namba kwenye ubao wa mlangoni, na akitoka hukirudisha. Kibati kisiporudi, mtu yuko chini, na hakuna anayekwenda nyumbani. Vinko aliwawekea wageni desturi hiyo hiyo. Wengi waliiona mchezo wa kuigiza. Kwake haikuwa mchezo.

Alifunga ndoa na Noreen Haggerty tarehe 14 Juni 2014. Walikutana Noreen alipokuja na shangazi yake kutembelea mgodi. Vinko alipozima taa ili wageni waone giza lenyewe, aliwaambia wamshike mkono jirani. Taa zilipowaka, Noreen alikuwa amemshika yeye.

"Dada, jirani yako yuko upande ule."

"Huyu ananitosha."

Mungu aliwajalia binti, Tilda, mwaka 2016.

Ugonjwa hakuwa nao. Ijumaa hiyo mvua kubwa ilinyesha kutwa. Kundi la mwisho lilipotoka, ubao ulikuwa umepungua kibati kimoja. Orrin, mkata tiketi, ametusimulia mara nyingi, kwa kuwa tumemwomba mara nyingi.

"Vinko, wote wamepanda magari. Kuna mtu kakitia mfukoni, basi."

"Umewahesabu?"

"Kwenye mvua ile? Walikuwa wanakimbia."

"Na kama kuna mtoto kabaki?"

"Hebu ngoja, tuite watu."

"Ubao haujajaa, Orrin. Naenda na kurudi."

Dari iliporomoka nyuma yake. Waokoaji walichimba hadi nao wakaangukiwa na mawe, mmoja akavunjika bega. Tarehe 12 walitoboa kutokea juu ya kilima wakateremsha kamera. Maji yalikuwa yamefika darini. Daktari ameandika kwamba alifariki tarehe 9. Sisi hatujui. Huenda alisubiri.

Siku iliyofuata mwanamke mmoja alipiga simu kutoka mbali, akilia. Kibati kilikuwa kwenye mkoba wake. Alidhani ni zawadi ya mgeni. Chini hakukuwa na mtu. Hatumtaji jina, naye amekirudisha, na Orrin amekitundika mahali pake.

Vinko ameacha mkewe Noreen, binti yake Tilda, baba na mama yake, dada yake Ruza, na baba yake mdogo Ante, anayewasomea maneno haya kwa sababu mama yake hataweza.

Tuliomba mlango wa mgodi usifungwe mpaka apatikane. Wakaguzi wa migodi walikuja nyumbani, wakavua kofia, wakasema mlima bado unaporomoka ndani na hawatapeleka mtoto wa mtu mwingine. Mama aliwaambia, "Yeye alikwenda kwa ajili ya mtu ambaye hata hakuwepo." Frane, aliyefanya kazi ndani ya mlima ule, alisema, "Zorka, waache."

Kwa hiyo leo hatuna jeneza. Tumesimama hapa mbele ya mlango, na sala ikiisha mafundi watauchomelea. Ubaoni kinakosekana kibati kimoja tu, chake mwenyewe. Kwa desturi yake hakuna ambaye angeondoka hapa. Tutaondoka, mlango ukiwa umefungwa, na yeye yuko ndani.

Mungu ampe pumziko huko alipo, maana sisi hatukuweza kumfikia.